Mwezi Niliouona Peke Yangu

Jumatatu, 15 Mei 1972

Siku yoyote mtu akiuliza ni nani aliyeufanya mji huu wa Mtwara ulale usingizi na Mreno yuko ng'ambo ya Ruvuma, mwonyesheni daftari hili. Ni mimi, Mfaume Chilumba, sajini wa Burma, mlinzi mkuu wa ghala la korosho hapa Chikongola. Walinzi tuko wawili, mkuu ni mimi. Mreno anazo ndege, anayo mizinga, lakini miaka minane yote hii hajathubutu kugusa korosho hata moja ndani ya ghala langu. Anajua atakayemkuta.

Naandika kwa sababu nimeudhika, na mke wangu amechoka kunisikiliza. Daftari nimepewa na mpwa wangu Somoe, binti wa dada yangu Mwanaisha. Alisema, "Andika humu, mjomba, moyo upoe." Moyo haujapoa. Nimeandika kurasa mbili tayari na nusu nimezifuta. Daftari litaisha upesi maana naandika kwa herufi kubwa, za kijeshi.

Kisa chenyewe ni hiki. Shuleni kwao Somoe amekuja mwalimu kijana, Lukasi, mtu wa Tukuyu. Ameanzisha kikosi. Watoto wanakimbia alfajiri, wanapanda kamba, wanalala porini, wanapiga gwaride na bunduki za mti, wanafundishwa kusoma ramani na dira. Mwezi ujao watakwenda kwa miguu mpaka Msimbati, siku mbili, na watakaofika ndio watakaopita mbele ya wakubwa siku ya Sabasaba. Somoe anataka kuwa kiongozi wao. Sina ugomvi na hilo. Damu ni yangu.

Ugomvi ni karatasi. Mwalimu ameleta karatasi ya ruhusa, na chini yake imeandikwa: saini ya baba.

Baba! Huku kwetu mtoto ni wa mama yake na wajomba zake. Baba tunampenda, tunampa kiti, tunampa paja la kuku, lakini akitaka kumtoa mtoto nyumbani hata kwenda kunyolewa lazima aje kwa mjomba kwanza. Shemeji Issa amesaini kama anayesaini mzigo wa bandarini, na wala hakunitumia salamu. Nimeambiwa na watoto wa jirani! Usiku wa leo sijala.

Alhamisi, 18 Mei

Nimekwenda shuleni. Nimemkuta mwalimu uwanjani amevaa kaptula, miguu myembamba kama ya korongo.

"Mwalimu, umemwandikisha mpwa wangu jeshi bila mimi?"

"Si jeshi, mzee. Mafunzo tu. Na baba yake amesaini."

"Baba yake ni nani?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jua ni nini. Somoe alikuwa pale kwenye mstari, akatoka mbio, akamvuta mwalimu pembeni wakanong'ona. Mwalimu akarudi uso umembadilika.

"Nisamehe, mzee. Kwetu Tukuyu—"

"Kwenu Tukuyu mnafuga mawingu. Huku kuna bahari na kuna wajomba. Vyote viwili vinaua."

Watoto wakacheka, na yeye akacheka, jambo ambalo sikulipenda. Halafu akasema neno la maana, nalikubali: "Basi nisaidie, mzee. Njiani kuna hori la kuvuka kwa miguu, na mimi maji ya bahari siyajui, sijui yanapwa lini wala yanajaa lini. Uwe mshauri wa kikosi."

Nilimwacha asubiri kidogo, kama tulivyowafanyia Wajapani. Kisha nikakubali, nikaweka saini yangu juu ya ile ya Shemeji Issa. Si pembeni. Juu yake.

Jumatatu, 22 Mei

Mvua ya mwisho wa masika. Ghala linavuja. Nimewaambia, hawasikii.

Alhamisi, 25 Mei

Nimehudhuria mazoezi kama mshauri. Nimewasimulia watoto nilivyovuka mto kule Burma usiku na nyumbu begani. Kitoto kimoja kinaitwa Danieli, mtoto wa karani wa bandari, kifupi, sauti kama filimbi, kikanyoosha mkono.

"Mzee, nyumbu mmoja?"

"Wawili."

"Na bunduki yako aliibeba nani?"

"Bunduki ilibebwa na nyumbu."

Wakaanguka chini kwa kicheko, mwalimu akageuka akajifanya anakohoa. Nimekasirika mpaka jioni. Elimu ya siku hizi inafundisha watoto kuhesabu nyumbu za watu.

Jumatatu, 29 Mei

Somoe amechaguliwa kiongozi wa kikosi. Wavulana wawili walinuna, akawaita mbele, akawaambia wapande kamba wakati yeye anahesabu. Wakashindwa katikati. Akapanda yeye, akagusa tawi, akashuka. Kisha akapaza sauti, "Kikosi! Mguu sawa!" nami niliyekuwa nimekaa nikajikuta nimesimama.

Sauti hiyo ameipata kwangu. Nimemwambia Mwanaisha. Akasema, "Kila kizuri cha mtoto huyu umekitoa wewe, kaka. Na surua yake je, nayo uliitoa wewe?"

Ijumaa, 2 Juni

Leo hakuna kitu. Kusi inavuma. Nilimpungia mkono Athumani, jirani yangu mvuvi, kutoka mbali, hakujibu. Somoe akaniambia lile lilikuwa kuti limetundikwa likauke. Basi Athumani amekonda sana siku hizi.

Jumanne, 6 Juni

Somoe amekuja na ming'oko ya kuchemsha, mizizi yetu ya porini, akanisomea gazeti kama kawaida yake. Magazeti haya wanayachapa kwa maandishi madogo ili watu tusijue mambo. Serikali iliangalie hili.

Jumamosi, 10 Juni

Nina hasira.

Baada ya magharibi tulikaa barazani pale Chuno, watu kama wanane, pamoja na watoto wa kikosi waliopita kuuliza habari za safari. Athumani akaanza. Akawaambia watoto, mbele yangu, "Huyu Burma alikwenda kweli, lakini muulizeni alimenya viazi magunia mangapi." Watu wakacheka mpaka kikombe kikamwagika. Danieli naye akauliza, "Nyumbu walikula viazi?" Somoe hakucheka. Alitazama chini, na hilo ndilo lililoniuma.

Kisha wakaanza kuzungumza habari ya mwezi, maana hapa kwetu anayejua mwezi ndiye anayejua maji. Athumani akasema mwezi huu hautaandama leo, na kesho pia ana wasiwasi. Alisema kama mfalme. Mawingu yalikuwa yametanda upande wa machweo.

Nikasimama. Nikanyoosha kidole. "Ule pale."

"Wapi?"

"Juu ya mnazi, kushoto, penye mwanya wa wingu. Umeshaingia."

"Mfaume, hakuna kitu pale."

"Macho yenu yamezoea vitoweo. Haya macho yamekesha Burma."

Athumani akapiga paja. "Jamani, Mfaume ana mwezi wake! Mwandikieni hati!" Wakacheka tena. Lakini nimeuona. Ninaandika hapa kwamba nimeuona, tarehe kumi Juni, na kesho ni mwezi mosi, wapende wasipende.

Jumatatu, 12 Juni

Leo mji mzima unapiga kelele eti mwezi umeandama. Umeandama kwao. Wangu una siku mbili.

Kikosi kinaondoka kesho alfajiri. Mwalimu alikuja jioni na saa yake mkononi, Somoe nyuma yake. "Mzee, keshokutwa tutafika kwenye hori. Tuvuke saa ngapi?"

Nikamfundisha. Mwezi mosi, bamvua, maji yanatoka sana mpaka unaona mchanga ambao hauonekani siku nyingine, na yanalala kabisa karibu na saa sita mchana. Kila siku inayofuata unaongeza robo tatu ya saa. Keshokutwa ni mwezi nne, basi maji yatalala saa nane. Tuingie saa saba u nusu, tuyakute bado yanatoka.

Mwalimu akajikuna. "Athumani ameniambia keshokutwa ni mwezi pili, na yatalala saa sita u nusu."

"Athumani anahesabu mwezi wa Athumani. Mshauri wako ni nani, mimi au yeye?"

Nikaona anakumbuka ile karatasi. Akasema polepole, "Ni wewe, mzee. Sitaki kukuvunjia heshima mara ya pili." Akaandika kwenye kitabu chake: saa saba u nusu.

Somoe akasema, "Mjomba, leo nimeuona mwenyewe. Mwembamba kama ukucha. Wa usiku wa tatu hauwi hivyo."

"Somoe, mjomba ni nani hapa?"

"Wewe, mjomba."

"Basi."

Jumatano, 14 Juni

Tumelala porini, mbu kama kuku. Leo tunavuka. Nimevaa kofia ya Burma.

Ijumaa, 16 Juni

Nimerudi. Tumerudi wote. Naandika haya mwanzoni ili anayesoma asishike kifua bure. Wote ishirini na wawili, na mwalimu, na mimi.

Tulifika kwenye hori mapema, kabla ya saa sita. Watu wasiolijua nawaeleza. Ni mkono wa bahari umeingia ndani ya nchi, mikoko huku na mikoko kule, na katikati tope na mchanga na mifereji mitatu ya maji. Kuvuka ni mwendo wa saa nzima kwa mtu anayebeba mzigo. Lilikuwa limekauka. Mifereji ilikuwa maji ya vifundo vya miguu, na akina mama walikuwa wametapakaa mbali huko na vikapu vyao, wanaokota kombe za kitoweo. Somoe akasema, "Mwalimu, si tuvuke sasa?" Mwalimu akanitazama. Nami nikasema bado, maji yanaendelea kutoka, watoto wale kwanza. Tukapika ugali. Tukala. Nikawasimulia habari za mamba wa Burma.

Saa saba u nusu nikasimama, tukaingia.

Hatujafika mfereji wa kwanza tukakutana na wale akina mama wanatoka, vikapu kichwani, wanatembea haraka. Wa mbele ni Bi Halima, mwanamke mfupi mwenye sauti.

"Baba, mnakwenda wapi na watoto? Sisi tunatoka."

"Tunakwenda ng'ambo."

"Maji yanajaa."

"Yanapwa, mama. Hicho unachokiona ni kusi inasukuma maji juu juu."

"Kusi ndiyo imenilowesha kanga mpaka gotini?"

Wenzake wakacheka, lakini hawakuondoka. Walisimama wakitutazama. Mwalimu akasimama, kikosi kikasimama, Somoe akanitazama moja kwa moja usoni na hakusema neno, kwa sababu Jumatatu nilikuwa nimemwambia basi. Nikaona ishirini na wawili wananingoja, na kichwani nikamsikia Athumani akipiga paja. Nikapaza sauti: "Mbele, tembea!"

Mfereji wa kwanza, magoti. Wa pili, kiuno. Baina ya wa pili na wa tatu tope likatushika miguu, na nilipogeuka nyuma ule mchanga tuliotoka juu yake haukuwepo. Maji hayakuja kwa wimbi. Yalikuja kimya, kutoka pembeni, kutoka nyuma, yanazunguka miguu kama paka. Sufuria ikaelea. Mtoto mmoja akaanza kulia, na kilio kikaambukiza.

Hapo Somoe akapaza sauti, nami nilijua ni ile sauti. "Kikosi! Tupeni bunduki! Tupeni mizigo! Wote kamba!" Akaishika ile kamba ya kupandia, akaenda nayo kwenye mkoko uliosimama peke yake kwenye kisiwa kidogo cha tope karibu nasi, akaifunga, akarudi nayo ndani ya maji ya kifua, anawapachika mmoja mmoja, warefu mwisho, wafupi katikati. Bunduki za mti zikaondoka zimejipanga kama gwaride. Nikafungua mdomo nitoe amri.

"Mjomba," akasema, "shika kamba, nyamaza."

Nikashika kamba. Nikanyamaza.

Danieli hakufika kwenye kamba. Alikuwa mfupi, mkondo ukamtoa miguu, tukaona kichwa kinakwenda upande wa bahari kikijaribu kusema kitu kwa ile sauti ya filimbi. Mwalimu Lukasi, mtu wa mlimani ambaye anaogelea kama mbuzi, alijitupa. Alimfikia kwenye mizizi ya mikoko. Alimpandisha Danieli juu ya mizizi, na yeye mwenyewe mguu wake ukaburuzwa kwenye chaza. Chaza ni wembe. Nyama ilifunguka toka kifundo mpaka karibu na goti, nikaona cheupe ndani.

Waliotutoa ni Bi Halima na wenzake. Wanawake kumi na mmoja walirudi ndani ya maji wanayoyajua, wameunganisha kanga kwa mafundo, wakasimama mstari kutoka nchi kavu mpaka kisiwani, wakatupokezana kama ndoo za maji kisimani. Hakuna aliyetukana. Bi Halima aliponishika mkono alisema tu, "Kusi hiyo, baba." Mimi nilikuwa wa mwisho kutoka majini, na hilo lisisahauliwe, ingawa wapo wanaosema ni kwa sababu nilikwama topeni.

Ufukweni Somoe akawahesabu. Ishirini na wawili. Akahesabu tena. Ishirini na wawili. Akahesabu mara ya tatu, kisha akakaa chini akafunika uso.

Zimepotea bunduki zote, sufuria, dira ya mwalimu na kofia ya Burma. Tulirudi mjini kwa lori lililobeba mihogo. Mwalimu alilazwa juu ya magunia, hakulalamika, na njia nzima nilikuwa nimejaa hasira juu yake. Mtu mzima, msomi, anakwendaje na watoto wa watu kwenye bahari asiyoijua?

Jumatatu, 19 Juni

Baba yake Danieli amekwenda shuleni akapiga meza. Wazazi wanasema kikosi kivunjwe. Wapo wanaosema mwalimu alikuwa anawapeleka watoto kwa Mreno. Upuuzi. Lakini watu wakiogopa, upuuzi unapata miguu.

Jumamosi, 24 Juni

Kamati ya shule imekaa. Wazazi wamejaa mpaka dirishani. Mwalimu amekuja anatembelea gongo, mguu umefungwa kama mtoto mchanga. Mwenyekiti akaniita mimi kwanza, kwa heshima yangu.

"Mzee Mfaume, ulikuwepo. Nani alitoa saa ya kuvuka?"

Nikasimama. Nikasema, "Ndugu mwenyekiti, kikosi ni cha mwalimu. Saa anayo mwalimu, mkononi."

Kila neno hapo ni kweli. Anayetaka apime.

Somoe alikuwa amesimama ukutani. Mpwa hawezi kumkanusha mjomba wake mbele ya watu, kwetu haipo hiyo, na nilijua kwamba haipo. Hakuniangalia. Alikuwa anaangalia mguu wa mwalimu.

Mwenyekiti akamgeukia mwalimu. "Ni kweli?"

"Ni kweli. Kikosi ni changu," akasema. Akakaa.

Basi! Hakunitaja! Ningekuwa yeye ningesimama juu ya meza nikapiga kelele. Kwa nini hakunitaja? Anadhani nahitaji hisani yake? Nimemfanya nini mimi mpaka anifanyie wema mbele ya watu? Nimerudi nyumbani nimepiga teke ndoo, na kidole kimevimba.

Kikosi kimefungwa. Sabasaba hawapiti. Tarehe 13 Julai anakuja mkubwa wa elimu kuamua kama mwalimu afukuzwe kazi.

Jumatano, 28 Juni

Somoe amenipita barabarani. "Shikamoo, mjomba." Nikaitika. Akaenda. Sauti haikuwa na kosa hata moja, na ilikuwa kama mlango uliofungwa taratibu.

Jumapili, 2 Julai

Gazeti lina siku sita juu ya meza. Ming'oko haijaja.

Mwanaisha amekuja badala yake, hakukaa. "Kaka, mtoto wangu amekunja sare yake ya kikosi, ameiweka chini ya godoro. Haongei. Umemfanya nini?"

"Mimi? Nimemfanya nini?"

"Sijui. Ndiyo maana nimekuja kukuuliza wewe, sikwenda kumuuliza baba yake."

Amenitupia mila yangu mwenyewe usoni, halafu akaondoka.

Ijumaa, 7 Julai

Sabasaba. Uwanja umejaa. Shule nyingine zimepita na vikosi vyao, hovyo kabisa, mikono inarushwa kama wanafukuza nyuki. Bendi ilipiga hovyo. Hotuba ilikuwa ndefu. Jua lilikuwa hovyo.

Somoe alisimama karibu yangu kwenye kundi la watazamaji, na gauni la nyumbani. Uso wake hausomeki. Lakini nilitazama chini, na chini pale karibu naona vizuri: mguu wake ulikuwa unapiga hatua papo hapo, kushoto, kulia, kushoto, kulia, vumbi linaruka kidogo kidogo. Kikosi cha mwisho kilipopita, mguu ukasimama.

Nilitaka kumpiga mtu. Sikujua nimpige nani. Nilitafuta uwanja mzima, na kila niliyemfikiria hakufaa, mpaka nikabaki mmoja.

Jumapili, 9 Julai

Hakuna kitu. Nimegombana na kuku.

Jumatano, 12 Julai

Jua lilipozama Somoe amekuja, mara ya kwanza tangu kamati. Hakuwa na gazeti wala ming'oko. "Shikamoo, mjomba. Mwezi umeandama. Njoo uani."

Nikatoka. Watoto mtaani walikuwa wanaushangilia.

"Nionyeshe, mjomba."

"Kwani wewe huuoni?"

"Nauona. Nionyeshe."

Nikanyoosha kidole. "Ule pale. Juu ya mnazi."

Akanishika kifundo cha mkono. Hakunivuta kwa nguvu. Akausogeza mkono wangu kulia, ukasogea, akausogeza tena, ukasogea mpaka mwili wote ukageuka, halafu akauteremsha mpaka ukawa juu kidogo ya paa la msikiti, upande wa Mikindani. "Huko, mjomba."

"Ndiyo huko huko nilikokuwa naelekea."

Hakucheka. Angecheka ningekasirika, na ningekasirika ningepona. Aliendelea kunishika mkono kwa muda, akasema polepole, "Kesho wanakaa saa tatu asubuhi." Akaenda zake.

Alhamisi, 13 Julai

Nimevaa kanzu nyeupe, nimekwenda bila kuitwa. Mkubwa wa elimu alikuwa amefungua faili. Nikasimama kama nilivyosimama mbele ya majenerali.

"Ndugu, mwalimu huyu hana kosa. Saa ya kuvuka niliitoa mimi. Mvuvi Athumani alisema saa sita u nusu, mpwa wangu alisema mwezi ni mchanga, Bi Halima alituzuia hukohuko topeni. Wote walisema kweli. Mwalimu alinifuata mimi kwa sababu ya heshima, na mimi niliwapeleka watoto ndani ya maji yanayojaa."

Nilisikia gongo la mwalimu likiteleza sakafuni. Mkubwa akauliza, "Ulikoseaje, mzee? Nasikia wewe ni mtaalamu."

"Kusi," nikasema. "Mwaka huu imezidi."

Athumani akapasuka kule nyuma: "Ule mwezi wake!" na chumba kizima kikacheka, mkubwa naye, na Bi Halima akacheka kuliko wote. Nikawaacha wacheke. Nilikuwa na hasira, lakini ilikuwa hasira ya kukalika.

Wameamua. Mwalimu anabaki. Kikosi kitakwenda tena Msimbati mwezi wa nane, Somoe akiwa kiongozi. Saa ya maji itatolewa na Bi Halima na si mwanamume yeyote wa mji huu. Mimi nimevuliwa ushauri. Nimepewa sufuria, niwapikie watoto. Sajini wa Burma, sufuria! Nimekata rufaa papo hapo, hawakuiandika. Nje mwalimu alinipa mkono akasema, "Ahsante, mzee." Nikamwambia mguu wake unanuka dawa.

Jioni ming'oko imekuja, na gazeti. Somoe amenisomea yote, hata matangazo ya vifo, mpaka giza likaingia. Hakuniuliza kitu.

Sasa ameondoka, na mimi nimebaki na ukurasa wa mwisho. Daftari ni la kumbukumbu, na kumbukumbu ina haki zake. Neno hili ningeliandika kwa herufi ndogo, lakini ndogo sizioni. Ile Jumamosi mwezi sikuuona. Jana, Somoe alipoushika mkono wangu ukaelekea penyewe, pia sikuuona.

Hata mnazi nilikuwa naukisia.